Mwalimu Kuang Yuezhen na Kipindi cha Tatu cha Alhamisi

Ndugu waombolezaji, majirani wa mtaa wa Nanmen, walimu na wanafunzi, mimi ni Kuang Deming, mdogo wa marehemu dada yangu, Mwalimu Kuang Yuezhen, familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha yake, nami nawaomba mnivumilie, kwa kuwa mwalimu wa hesabu hana mazoea na maneno mengi.

Marehemu alizaliwa tarehe 2 Septemba 1968 katika kijiji cha Xiatang, mkoani Hunan, akiwa mtoto wa kwanza wa mzee wetu Kuang Zhaonian, msusi wa vikapu vya mianzi, na mama yetu Liao Guixiang. Alisoma shule ya msingi hapo kijijini kuanzia mwaka 1975 hadi 1980, akaendelea na sekondari mjini hadi 1986, kisha akaingia chuo cha ualimu Hengyang, alikohitimu Julai 1989, na tarehe 1 Septemba mwaka huo huo aliajiriwa kufundisha baiolojia katika Sekondari ya Baisha, shule ambayo hakuihama mpaka mwisho.

Tarehe 1 Oktoba 1993 alifunga ndoa na shemeji yangu Lei Songbai, fundi umeme, wakajaliwa binti mmoja, Lei Tingyu, aliyezaliwa tarehe 9 Juni 1995. Shemeji husema alioa mwanamke anayeuliza swali na kulingoja jibu, jambo lililomtia hofu miezi ya mwanzo.

Mwaka 2003 alipelekwa Changsha kwa mafunzo ya miezi miwili, kwa sababu hakuna mwalimu mwingine aliyetaka kwenda, akarudi akiwa mwalimu wa saikolojia, wa kwanza na wa pekee hapo Baisha, ambako nami nafundisha hesabu. Kila darasa lilipewa kipindi kimoja kwa wiki, na sisi walimu tunajua yanayokipata kipindi cha namna hiyo, kwa kuwa hakimo kwenye mtihani wa taifa. Huazimwa. Nalisema hili kwa aibu, maana mwazimaji mkuu nilikuwa mimi: niliingia darasani, nikatangaza kwamba mwalimu wa saikolojia anaumwa, watoe karatasi za hesabu, na huku wanafunzi wanamwona dirishani akipita, mzima wa afya, na chupa yake ya chai mkononi. Siku moja aliingia, akavuta stuli, akaketi nyuma kabisa na kuniambia, "Endelea, Mwalimu, mgonjwa amepata nafuu." Darasa lilicheka hadi kengele ikalia, nami sikumsemesha siku tatu.

Machi 2009 uongozi wa wakati ule ulitaka kuvifuta vipindi vyake vyote vya mwaka wa mwisho. Dada hakulia wala hakugombana na mtu, aliomba miezi miwili tu: mkondo wa kwanza ubaki na saikolojia, mkondo wa pili kipindi kile nipewe mimi, kisha mtihani wa majaribio uamue. Mkondo wangu uliongoza kwa alama moja na nusu, nikatamba chumba kizima cha walimu. Lakini wanafunzi wangu watatu walitoka katikati ya mtihani, mmoja wao Shu Minhua, msichana niliyemtegemea kuliko wote, ambaye alirudisha karatasi tupu, ilhali upande wa dada hakutoka hata mmoja. Hakunicheka. Alhamisi iliyofuata aliwakusanya wanafunzi wa mikondo yote miwili, akawaomba waandike bila majina kile wanachokiogopa, akatusomea, mimi nikiwa nimesimama mlangoni, na hakuna aliyeandika hesabu. Waliandika uso wa mama, simu ya baba aliye kiwandani Guangdong, aibu ya kurudi kijijini. Nilikuwa nimewafundisha miaka mitatu na sikuyajua hayo. Niliongozana na dada hadi ofisini kuvitetea vipindi vyake, na vikabaki. Minhua alifeli mwaka ule, akarudia, akafaulu, na leo ni mwalimu, ameketi pale safu ya pili.

Tarehe 11 Oktoba 2022 dada alipimwa akakutwa na saratani ya kongosho, akafanyiwa upasuaji Changsha tarehe 3 Novemba, akarejea nyumbani akiwa amekonda sana ila ulimi ni ule ule. Muhula wa Februari ulipofunguliwa, kipindi chake cha Alhamisi kwa mwaka wa mwisho kilikosa mwalimu, ofisi ya taaluma ikanipa mimi kwa ajili ya hesabu, nami nikaenda kumpa habari nikidhani atafarijika.

"Deming, usiwafundishe hesabu saa hiyo," aliniambia. "Waulize wamelalaje, halafu unyamaze. Najua kunyamaza kutakushinda, lakini jaribu."

Nilijaribu. Alhamisi ya kwanza wanafunzi walidhani ni mtego, wakatoa karatasi za hesabu wenyewe, ya pili ikawa vivyo hivyo, ya tatu tulitazamana tu. Ya nne binti mmoja alisema hajapata usingizi wa maana tangu sikukuu ya mwaka mpya, mwenzake akadakia, na kengele ilipolia hakuna aliyeinuka. Nilimpelekea dada habari hiyo mbio, naye wakati huo hawezi kumeza ila maji ya uji wa mchele, akafurahi mno, akauliza mimi nilisema nini, na nilipomweleza akasema bado nimeongea kupita kiasi.

Aliaga dunia Jumatatu, tarehe 17 Aprili 2023, saa nne na dakika ishirini asubuhi, nyumbani kwake, mkono wake ukiwa mkononi mwa binti yake. Inaniuma kuliko nilivyotarajia.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliopokezana kumpikia uji, na walimu wenzake ambao hawakukosa kumtembelea hata wiki moja. Tunamshukuru pia Mwalimu Mkuu, ambaye juzi aliniomba kwa upole kipindi cha Alhamisi kirudi kwenye hesabu, kwa kuwa zimebaki siku arobaini na tisa kabla ya mtihani wa taifa, nami namwomba radhi kwa kumjibu mbele ya watu kwamba hapana, haiwezekani. Kesho ni Alhamisi. Nitaingia kipindi cha tatu mikono mitupu, nitawauliza wamelalaje, na nitajitahidi kunyamaza.

Dada, pumzika kwa amani, darasa lina mwalimu.