Shaba Namba Mbili

Wapendwa, jina la Yesu liinuliwe humu ndani! Liinuliwe hata na ninyi mlioketi nyuma karibu na hita! Mimi naitwa Wakesho. Wengi mnanijua kama yule dada wa Saint Louis Park anayeondoka kabla ya chai. Leo siondoki. Nimemwomba Mchungaji dakika chache, amenipa, na mfukoni nina kitu nitakachowaonyesha mwishoni.

Ndugu zangu, hadi majira ya baridi yaliyopita mimi nilikuwa mtu wa kuhama. Nilizaliwa Taveta. Nilipomaliza kidato cha nne nikaenda Mombasa, kutoka Mombasa nikaenda Nairobi, kisha Doha, kisha Houston, kisha hapa kwenye theluji. Kila mahali niliondoka bila kuaga. Na kila nilipofika mahali papya, nililia kwa ajili ya pale nilipotoka. Kule Houston nililia kwa ajili ya Doha, hebu fikirini! Lakini zaidi nililia kwa ajili ya Taveta siku ya soko, ndizi zikishushwa asubuhi na majani yake bado yana umande. Harufu hiyo nimeitafuta mji baada ya mji. Nikiikosa, nafunga mizigo.

Hapa nilipata kazi Eden Prairie, katika nyumba ya kutunza wazee. Ni nyumba ya kawaida tu: wazee wanne, wahudumu wawili kwa shifti, na nyuma yake ziwa. Mnayajua maziwa ya huku. Yakiganda, watu wanaegesha magari juu yake na kujenga vibanda vya kuvulia samaki. Mimi nilikuwa nasimama dirishani nikisema, hapana, mtoto wa Taveta huko hakanyagi.

Mwenzangu wa shifti alikuwa Mama Kerubo, mama wa Kisii asiyejua kunong'ona. Siku nilipomwonyesha tiketi yangu ya Seattle, aliiangalia, akaniangalia miguu.

"Wewe una magurudumu hapo chini," akasema. "Sasa Mungu akitaka kukutumia baraka, aandike anwani gani?"

Nilicheka. Tiketi ilikuwa ya Jumatatu. Mwajiri hakujua. Wala Mzee Walter hakujua, na hilo ndilo lililoniuma kidogo.

Mzee Walter alikaa chumba cha mwisho, kile kinachotazama ziwa. Alikuwa amepita miaka tisini. Tuliongea Kiingereza, lakini nitawaeleza kwa lugha yetu. Baba wa babu yake alikuwa mwokoaji katika karne ya kumi na tisa, kwenye ufuo wa mojawapo ya yale maziwa makubwa ambayo ukiyatazama huoni ng'ambo. Zamani hizo meli za matanga zilibeba ngano na mbao, na tufani za Novemba zilizivunja kama vijiti. Kwa hiyo kulikuwa na vituo vya uokoaji kando ya maji, kila kimoja na mashua yake na watu wake. Usiku, na hata mchana theluji ikiwa nzito, mtu mmoja alitoka kila kituo akatembea ufuoni kumwelekea mwenzake wa kituo cha pili. Walikutana katikati. Hapo walibadilishana visahani vya shaba vyenye namba zao. Ukirudi kituoni na shaba ya mwenzako, mkubwa wako anajua umetembea njia yote.

Na kila mmoja alibeba fataki ya mwanga mwekundu. Akiona meli imekwama, anaiwasha na kuiinua juu. Mwanga huo haukumwokoa mtu. Ulikuwa unawaambia mabaharia waliojifunga kwenye milingoti ya meli kwamba wameonekana, wasiachie.

Shaba ya huyo baba wa babu, namba nne, ilikuwa kwa Mzee Walter. Sasa sisi wahudumu tunatakiwa kila saa kuingia kila chumba, kumwona mzee kwa macho yetu, kisha kusaini faili iliyo jikoni. Mzee Walter alikataa kuangaliwa bure. Lazima mbadilishane! Mimi nilikuwa na sarafu ya shilingi kumi ya Kenya niliyotembea nayo tangu nitoke nyumbani. Saa hii ananipa shaba namba nne, nampa sarafu yangu. Saa ijayo tunarudishiana.

"Umetembea njia yote, binti?"

"Njia yote, Mzee."

"Hakuna meli?"

"Hakuna meli."

Siku moja aliniambia habari za namba mbili. Huyo alikuwa mtu wa kituo cha jirani, rafiki wa baba wa babu yake. Siku ya tufani hakutembea. Aliingia kwenye ghala la mkulima akajipasha moto, akitegemea kumdanganya mkubwa wake. Meli ikavunjika mbele ya ule upande wake wa ufuo, na hakuna aliyeinua mwanga. Walikufa wote. Tangu hapo, kila tufani, namba mbili alitoka hata kama si zamu yake, mpaka tufani moja hakurudi. Hawakumpata yeye wala shaba yake.

"Bado anatembea," Mzee alisema, kama anayesema mvua itanyesha kesho. Nikamfunika blanketi nikatoka haraka.

Ndugu zangu, sikilizeni sasa.

Ilikuwa Ijumaa. Theluji ilianza adhuhuri, upepo ukaileta kwa ubavu. Saa nane mchana nilipita kwa Mzee Walter, nikampa sarafu, nikapokea shaba. Kisha rafiki yangu wa Seattle akapiga simu kuhusu chumba nitakachokodi. Nikaingia kwenye chumba cha kufulia, kwa sababu ndicho chenye joto, mashine ya kukaushia ikinguruma. Lakini kabla ya kuingia nilifungua faili. Nikasaini saa tisa. Nikasaini na saa kumi pia, ili nisisumbuliwe. Nikaandika: yuko kitandani, anapumzika.

Niliandika hivyo. Kwa mkono huu.

Ilikaribia saa kumi nilipohisi baridi kwenye vifundo vya miguu. Nikatoka. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi, na theluji imeingia mpaka kwenye zulia. Kengele ya mlango ililia, bila shaka, lakini mashine ilikuwa inanguruma. Kitanda cha Mzee kilikuwa kitupu. Koti lake kubwa la sufu halikuwepo.

"Mama Kerubo! Mzee ametoka!"

Alikuwa anamwogesha bibi mmoja, hakuweza kumwachilia. "Napiga simu ya dharura!" akapaza sauti. "Wakesho, usiende! Wakesho, ngoja waje!"

Mimi ambaye sikuwahi kusubiri kitu, nisubiri? Nilitoka na sweta na viatu vya kazi. Mikwaruzo ya kigari chake cha kutembelea ilishuka mpaka ukingoni, ikaingia kwenye barafu. Nikaifuata. Hatua hamsini, labda sitini. Kisha upepo ukaifuta.

Niligeuka. Nyumba haikuwepo.

Sijui niwaelezeje. Ilikuwa mchana, na hakukuwa na giza hata kidogo, lakini sikuona kitu. Juu nyeupe, chini nyeupe, mkono wangu mwenyewe mweupe. Chini ya miguu barafu ilitoa sauti ndefu, kama mtu anayeguna usingizini. Nikaita, "Mzee Walter!" Sauti haikwenda popote. Kisha nikasikia hatua. Hatua nzito za mtu anayetembea bila haraka, kushoto kwangu. Niliposimama, nilidhani zitasimama, kwa kuwa nilifikiri ni zangu. Hazikusimama. Zilipita mbele yangu, zikaenda.

Nilitaka kukimbia, nikateleza. Nikaanguka. Nikajua kwamba yule mzee anakufa mahali fulani karibu nami, na jikoni kuna karatasi inayosema amelala. Sikuweza kukumbuka maombi yoyote mazuri. Nilisema tu: "Bwana, sikutembea. Nilisaini, lakini sikutembea."

Nilipoinua uso, kulikuwa na mwanga mwekundu.

Haukuwa mkubwa. Ulikuwa juu kidogo, kama ulioshikwa na mtu aliyenyoosha mkono. Haukupepesuka katika upepo ule wote. Nikainuka nikaufuata. Niliufuata muda mrefu na haukuwa karibu wala mbali, ulikuwa vilevile, mpaka nikajigonga kifua kwenye mbao. Kilikuwa kibanda cha wavuvi. Nilipotazama tena juu, mwanga haukuwepo.

Mzee Walter alikuwa ameketi chini upande usio na upepo, kigari chake kando, nyusi zimeganda. Akanitazama kwa utulivu.

"Umechelewa, binti."

"Nimechelewa, Mzee. Nisamehe."

"Si neno. Mwenzako amepita. Tumebadilishana."

Nilivunja mlango wa kibanda kwa bega, nikamburuta ndani, nikamkumbatia. Vidole vyake vilikuwa vimekunja ngumi. Nilivifungua ili nivipulizie pumzi, nikitarajia kuona sarafu yangu ya Kenya. Kilikuwa kisahani cha shaba, baridi kiasi cha kunata kwenye ngozi. Namba nne ilikuwa mfukoni mwangu, niliigusa kuhakikisha. Hiki kilikuwa na namba mbili.

Sikupiga kelele. Niliimba. Niliimba nyimbo zote za kwaya ya mama yangu huko Taveta, Mzee akigonga mdundo kifuani mwangu, taratibu, halafu taratibu zaidi.

Waokoaji walikuja wamevaa mavazi ya rangi ya chungwa, wamefungwa kamba iliyotoka ufukweni. Wa kwanza kuingia aliuliza, "Taa yenu iko wapi?"

"Taa gani?"

"Nyekundu. Tumeifuata tangu ufukweni."

Wapendwa, mle kibandani hapakuwa na hata kiberiti!

Mzee alipoteza vidole viwili vya mguu, lakini alipona. Binti yake wa kumzaa alikuja, akakiangalia kile kisahani, akasema hajawahi kukiona. Labda kilishonwa kwenye koti miaka mingi, alisema. Labda. Mimi siwaambii zaidi ya nilichokiona. Mchungaji aliniita ofisini akaniuliza, "Dada, una hakika huyo hakuwa pepo?" Nikamjibu kwamba sina hakika ya mengi, ila sijasikia pepo akimpeleka mtu kuungama.

Maana niliungama! Msimamizi alikuja Jumamosi na maua, akiniita shujaa. Mama Kerubo akanivuta jikoni, na kwa mara ya kwanza nikamsikia akinong'ona: "Ile karatasi ninaweza kuipoteza. Sema neno moja tu." Ndugu zangu, ilikuwa rahisi hivyo. Nilikuwa na tiketi ya Jumatatu. Nikaichukua faili mwenyewe, nikaifungua mbele ya msimamizi, nikaweka kidole kwenye saini zangu. Maua yalibaki mezani. Kazi niliipoteza siku hiyohiyo, na ilikuwa haki.

Na Jumatatu ndege iliondoka bila mimi.

Sasa nafanya kazi Lakeville, kwa mwajiri anayejua yote kwa sababu nilimwambia kabla hajauliza. Mzee Walter nilimtembelea kila Jumapili kama mgeni, binti yake alikubali. Ndiyo maana sikuwa nakunywa chai hapa! Tulibadilishana kila mara, yeye namba mbili, mimi namba nne. Alilala mwezi wa tano, kitandani, pakavu, mkono wake mkononi mwangu. Walimzika na namba nne.

Namba mbili ni hii hapa. Itazameni. Na sarafu yangu ya shilingi kumi iko kwa nani, Mungu anajua.

Namshukuru Yesu aliyeniona katika weupe ule kabla sijamwona! Na kama yuko mtu hapa amesaini njia ambayo hajaitembea, iwe ya ndoa, ya kazi, au ya huo wokovu tunaouimba, asitafute maombi mazuri. Aseme tu, sikutembea. Anaonekana. Asiachie.

Baada ya ibada nitakuwa pale kwenye birika za chai. Njoo na chochote kilicho mfukoni mwako, hata ufunguo wa zamani. Nitakupa shaba hii uende nayo nyumbani. Jumapili ijayo uirudishe, na mimi, kwa neema ya Mungu, nitakuwa hapahapa kuipokea.