Jani Likitafunwa

"Siku uliyofiwa hukupiga hata yowe. Watu walijuaje, hata wakajaa uani?" Jirani aliwahi kumuuliza hivyo mama mjane, naye akamshukuru Mungu tu.

Swali lilimrudia ndani ya basi. Mbele yake binti mmoja alikuwa akizungumza na fundi cherehani, mama asiyemjua kabla ya safari hiyo. Binti alisema amepata nafasi ya kusomea uzamivu ng'ambo, na leo ndiyo siku ya mwisho kupeleka jibu kupitia chuo chake cha hapa nchini.

"Utasomea nini, mwanangu?"

"Harufu za mimea, mama. Mahindi yakitafunwa na viwavi hutoa harufu. Nyigu huisikia, huja kuwaua viwavi hao."

"Makubwa! Sisi tunanusa bure, wewe unusie mshahara!" Fundi alicheka, kisha akapoa. "Lakini mama yako umesema yuko peke yake. Akiugua atamwita nani?"

"Ana majirani."

"Jirani si mtoto. Mimi mwanangu aliaga kwenda ng'ambo kwa miaka mitatu, huu wa saba hajarudi."

Binti akaukumbatia mkoba wake.

Mama mjane alizikumbuka sufuria za uji zilizoingia kwake siku ya msiba bila kuombwa. "Ahsante, Bwana, umelijalia hata jani namna ya kuita," akanong'ona. Alitamani kumgusa binti bega, lakini maneno ya watu hayadandiwi.

Basi likasimama penye lango la chuo. Fundi alikuwa bado anasema, "Jirani si mtoto, nakwambia."

Binti akainuka, akashuka, akaingia langoni kupeleka jibu lake.