Boti Iliyojazwa Maji Nchi Kavu

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Nawasalimu ninyi wa Kinyangiri mnaonifahamu, na wewe unayesoma haya ukiwa mbali nasi. Mimi ni kaka mkubwa wa Elipendo na Yona. Baba alitangulia, mama akamfuata, nami nikaacha shule kidato cha pili, nikashika jembe.

Baba alikuwa mvuvi wa Ziwa Kitangiri. Alituachia boti ndogo ya aluminiamu, kuukuu, aliyoipata kwa wageni waliokuja zamani kuchunguza samaki. Baada ya msiba ililala nyuma ya nyumba, kuku wakawa wanatagia humo. Majirani waliiita Sufuria. Siku moja mnunuzi wa vyuma chakavu alipita, akaigonga kwa kidole akacheka: "Kijana, hii si boti. Ni masufuria ambayo hayajazaliwa!"

Nilikataa kuiuza. Mtama ulikuwa umekauka shambani, na baba mdogo alikuwa ameleta shauri la ukoo: Elipendo aende Itigi kwa shangazi, Yona apelekwe Manyoni. Nilimpigia magoti.

"Baba mdogo, nipe mpaka mvua zijazo. Nitaitengeneza boti, nitawalisha."

Akaitazama boti, akawatazama kuku. "Haya. Lakini mvua zikianza na hicho bado ni kiota, nawachukua watoto."

Ndugu zangu, nilihangaika! Niliyeyusha lami, nikaziba kila tundu nililoliona. Nikaishusha ziwani, ikajaa. Nikaipandisha, nikaziba tena, ikajaa tena! Boti ikiwa majini ndani kote kunalowa. Hujui maji yanaingilia wapi. Nilisali mpaka maneno yakaniishia. Na mawingu yalikwisha kuanza kukusanyika.

Elipendo ndiye aliyesimama kwenye jumuiya yetu ya sala. "Tuombeeni boti yetu," alisema. "Isipoelea, tutatawanyika." Kisha akalia.

Tuliomba. Baada ya maombi Mama Kiula, kiongozi wetu, akanigeukia. "Mwanangu, sufuria yako ikivuja huwa unaitumbukiza kisimani?"

Watu wakacheka. "Hapana, mama," nikajibu.

"Si unatia maji ndani, ukatazama nje?"

Mnajua kiangazi chetu, ndugu zangu. Boti ilikuwa imerudi nyumbani, mbali na ziwa, na mnajua foleni ya kisimani ilivyo. Lakini Jumamosi akina mama walikuja wamejitwika ndoo, na mbele yao alikuwa Bi Zaituni, jirani yetu Mwislamu. Tukaiinua boti juu ya mawe, wakamimina.

"Leo tunapika ubwabwa wa kijiji kizima!" alisema Bi Zaituni. "Nani ana kuni?"

Kisha wote tukainama kutazama. Tone la kwanza likatoka, na jingine. Hayakutoka kwenye matundu niliyoyaziba! Yalitoka kwenye ribiti, zile pini zinazoshikanisha mabati, chini kabisa, mahali ambapo sikuwahi kupashuku. Mama Kiula akapiga vigelegele. Yona akaweka alama ya mkaa kila palipodondoka, na maji tuliyakinga kwa mabeseni, mbuzi wakanywa.

Fundi anayeziba masufuria sokoni alikuja akanifundisha kugonga ribiti mpya. Viraka vilitoka majikoni mwa akina mama wale wale: sufuria iliyotoboka, sinia lililopasuka. Bi Zaituni alileta kifuniko kizima. Nilipomwambia bado ni kizuri, akanijibu, "Kwani nimekuomba ushauri? Gonga!"

Mvua ya kwanza ikanyesha, na baba mdogo akaja. Sikubishana naye. Nilimwomba apande boti pamoja na watoto, nikapiga kasia mpaka ufuko ukawa mbali. Macho yake yalikuwa miguuni. Hatimaye akainama, akapapasa sakafu kwa kiganja.

"Pakavu," alisema. Akawatazama watoto. "Haya, wanangu. Mtakaa na kaka yenu."

Nilishindwa kuendelea kupiga kasia. Elipendo ndiye aliyeturudisha.

Namshukuru Mungu, ndugu zangu! Niliyaona maji kuwa adui, naye akayatumia, ndoo kwa ndoo, kunionyesha mahali pa kuziba. Wewe unayehangaika peke yako na jambo usilojua linakoingilia, mtumaini Bwana, uwaambie na watu wake. Usiogope, watakuja na ndoo. Na ukifika Kitangiri, tafuta boti yetu ufukweni, uguse kile kifuniko cha Bi Zaituni. Bado kina masizi ya jikoni kwake.