Mama Uzio na Mpira Uliorudi

Wasikilizaji wapendwa, leo sipunguzi sauti. Mama Uzio ametutoka. Ndiyo, Mama Uzio, fundi wa kuchomelea, mwamuzi wetu wa besiboli.

Uzio wa uwanja wetu aliuchomelea yeye, nguzo kwa nguzo. Alipomaliza akawaambia wachezaji, "Ndani chezeni. Ukivuka hapa, mpira umekufa."

Ikaja fainali. Tuko sare. Mkimbiaji wa wageni yuko kituo cha pili. Mpira ukapigwa, naye akatimka. Mlinzi wetu akauzoa chini, akaurusha kwa pupa. Na mlinzi huyo ni nani? Mwanawe Mama Uzio, wa kumzaa! Mpira ukaruka uzio, ukagonga ukuta wa karakana ya jirani, ukarudi uwanjani. Mwenzake akauokota, akamgusa nao mkimbiaji. Uwanja mzima ukalipuka: "Katoka! Katoka!"

Katoka wapi? Mama Uzio akanyoosha vidole viwili. Mpira uliorushwa ukivuka uzio, mkimbiaji hupewa vituo viwili. Cha tatu, na cha nyumbani, yaani bao. Wageni wakabeba kombe.

Mwenyekiti wa klabu akamjia anafoka. "Mama, mpira si umerudi?"

"Umerudi, baba. Umerudi maiti."

"Badilisha uamuzi, au vua hiyo barakoa ya mwamuzi."

Akaivua, akamkabidhi mkononi.

Mlidhani atajifungia ndani? Thubutu! Kila Jumamosi alisimama nje ya uzio wake, ameshika waya. Mpira ukitoka, unamsikia: "Vituo viwili!" Walimfukuza, akarudi. Uzio ni wake, wangemfukuza wapi?

Mwanawe ameniambia, "Nilimnunia sana. Nikamwambia, mama, mimi si mwanao? Akanijibu, ndiyo maana sitaki ushinde kwa wizi."

Mwenyekiti ametuma rambirambi, anaomba niseme yeye na Mama Uzio walielewana. Sisemi.

Ninalosema ni hili. Jumamosi, baada ya kumzika, timu yetu ilicheza. Mpira tulioutupa sisi ukaruka uzio, ukagonga ukuta uleule, ukarudi. Mwamuzi mpya akamtazama mwenyekiti, akasita. Nje ya uzio hakukuwa na mtu.

Poleni sana wanafamilia, tunalia nanyi. Nawe msikilizaji, mpira ukivuka upande wako, utasema au utanyamaza?

Maana Jumamosi hiyo, mwamuzi akiwa bado anasita, mwanawe Mama Uzio aliacha nafasi yake, akasimama katikati ya uwanja mbele ya timu yake mwenyewe, akanyoosha vidole viwili. Na hakuvishusha mpaka mkimbiaji wa wageni alipofika nyumbani.