Mzee Kairken na Kichwa cha Kondoo

Ndugu Kairken Esmagambetov anastaafu rasmi tarehe 30 Mei, baada ya kukitumikia kiwanda chetu cha tambi hapa Kostanay kwa miaka thelathini na minne. Aliingia akiwa kibarua wa kubeba unga, anatoka akiwa mkuu wa mitambo ya kukaushia, na muda wote huo hakuna aliyewahi kumsikia akikataa kitu.

Ukimwomba akushikie zamu ya sikukuu, alikubali. Kwaya ya kiwanda ilipokosa sauti nzito aliimba yeye, ingawa sauti yake ni nyembamba kama filimbi. Na kila karamu, kichwa cha kondoo kilipoletwa, kiliwekwa mbele yake, kama mila inavyotaka kwa aliye mkubwa kwa umri. Alikata sikio akampa mgeni wa kazi ili awe msikivu, akagawa kaakaa, akagawa mashavu, akabakiwa na kidogo mno. Jamani, tulimsifu kwa ukarimu! Mimi nilipewa sikio mwaka wangu wa kwanza, nikaringa nalo nyumbani hadi mama akachoka.

Kisha tumbo likaanza kumsumbua, tena siku za karamu tu. Daktari alitafuta ugonjwa akaukosa, akampeleka kwa Raushan, mtaalamu wa saikolojia wa zahanati. Mzee husimulia haya mwenyewe, tena akicheka. Raushan alimuuliza anapenda nini. Akataja anachopenda mkewe Kulyash, anachopenda mkurugenzi, hata alichopenda mama mkwe, Mungu amrehemu. Raushan akamuuliza, je, yeye mwenyewe? Mzee akaigeuzageuza kofia yake mpaka muda ukaisha. Wiki iliyofuata alirudi, na kabla hata ya kuvua kofia akasema, "Viazi. Vya kukaanga."

Toka hapo hatukupumzika na mapya yake. Aliacha kwaya, na kwaya ikapona. Akanyoa masharubu, akidai yalikuwa wazo la shemeji yake. Kulyash alikuja kutuuliza kama tumembadilishia mume. Siku hizi anamsikia akipiga mluzi jikoni huku akimenya viazi, na anasema yule wa zamani tukae naye.

Mwezi uliopita kamati ya kumuaga ilikutana, na mkurugenzi wetu Daniyar akatangaza kwa furaha kuwa kondoo amepatikana, tena ana kichwa kikubwa ajabu. Mzee Kairken akasimama, akashikilia meza. Nilijua angeweza kushukuru tu na kuketi, na kazi yote ya Raushan ikaenda na maji.

"Daniyar, mwanangu," akasema, "mimi kichwa cha kondoo sikipendi. Sijawahi kukipenda."

"Na yale masikio uliyokuwa ukitugawia, Mzee?"

"Niliwapa ili nisiyale."

Daniyar, ambaye naye alipewa lake enzi zile, alijishika sikio. Kisha akaagiza gunia la viazi.

Mzee wetu, ahsante kwa yote, hata kwa masikio. Tunakutakia siku nyingi za kula unachokipenda, na kukataa usichokipenda bila kushikilia meza.

Wageni wasiwe na wasiwasi, kichwa kitaletwa vilevile, maana mila ni mila. Kitawekwa mbele ya mkubwa wetu anayefuata kwa umri, ambaye ni mimi. Raushan amenipa nafasi ya kumwona Jumanne.

Orazbek, Idara ya Ufungashaji