Kovu Nililolifuta

Sogeeni wote wawili, na wewe wa kati zima hiyo mashine ya kopi, mteja akija mwambie arudi kesho, maana nina maneno ambayo yakikatizwa leo sidhani kama nitapata nguvu ya kuyaanza upya. Sikutaka kulazwa humu studio, katikati ya kiti cha kuzunguka na pazia jeupe, lakini ngazi za kwenda juu zimenishinda, na labda inafaa nisemee hapa hapa nilipokosea. Kitinda, mwanangu, kaa kwenye kiti cha wateja. Nyoosha mgongo, nikuone.

Jumatatu unasafiri kwenda kazi ya nyumbani ng'ambo. Mkataba umeshautia saini, viza imetoka, sanduku liko mlangoni, na najua bado umeninunia tangu nilipokupiga picha ya pasipoti nikaiacha hiyo alama ya kuungua shavuni ionekane yote. Ulisema, "Baba, mtaa mzima unawatoa wazuri, mimi mwanao ndiyo unanitoa hivi?" Nikajifanya kucheka, nikasingizia kompyuta. Kompyuta haikuwa na ubaya wowote, mama. Leo nitakwambia kwa nini, lakini kwanza nimalize ya safari, kwa sababu hayo ndiyo yatakayokulinda mimi nikiwa sipo.

Pasipoti ni yako. Tajiri wako wa kazi akisema umpe akutunzie, mwambie kwa adabu kwamba utaitunza mwenyewe, na akiing'ang'ania usigombane naye mkiwa wawili ndani ya nyumba. Nyamaza, kisha siku yako ya kwanza ya mapumziko nenda ubalozini ukaseme. Nimekutolea kopi sita. Mbili utakwenda nazo, na usije ukaziweka mfuko mmoja na pasipoti yenyewe, maana mwizi haachi nusu. Ukifika tu, kabla hujaanza kuzurura kutazama maduka, jiandikishe ubalozini, waachie kopi na anwani ya kazini. Mzigo wa mtu usibebe, hata kama ni mama mtu mzima anayekulilia uwanja wa ndege akikuita mwanangu. Mpe pole, songa na foleni. Dawa zako za pumu zibaki kwenye maboksi yake na cheti cha daktari kiwe juu yake. Usipige picha askari wala jengo lenye bendera, na anayekwambia hivyo ni mtu aliyekulea kwa kamera. Namba ya polisi na ya gari la wagonjwa zikariri kichwani, kwa sababu simu huzimika siku unayoihitaji. Mwandikie kaka yako jina la tajiri, mtaa, namba ya mlango, na simu ya mtu mwingine mmoja asiyekuwa huyo tajiri. Na siku ukiwa na shida, na mtu amekusimamia kichwani anakusikiliza, piga simu uulize kama mashine ya kopi imepona. Mashine hii haijaugua hata siku moja tangu niinunue. Tukisikia swali hilo tutajua, na kaka yako hatakuuliza chochote, atakwenda Wizara ya Mambo ya Nje moja kwa moja. Umesikia, wa kati? Moja kwa moja, usipitie kwa mtu kuomba ushauri.

Nipe maji kidogo. Basi, yanatosha.

Sasa kaka yenu mkubwa. Kitinda ulikuwa na miaka tisa alipoondoka, na wewe wa kati kumi na tano. Alikwenda kwenye ujenzi ng'ambo pamoja na seremala wa nyumba ya pili, rafiki yake wa damu, ambaye ndiye aliyemtafutia hiyo kazi. Mchana ule alisimama hapo mlangoni, pasipoti mkononi, akaniuliza, "Baba, nikuachie kopi?" Nilikuwa na foleni ya wanafunzi wanaotaka picha za fomu, jasho linanitoka, nikamjibu, "Ya nini? Unakwenda kazini, huendi vitani." Akacheka, akaitia mfukoni. Hatua tatu tu zilikuwepo kati yake na mashine.

Hilo mnalijua, nimelisema mara nyingi, na mmenisamehe mara nyingi. Msilolijua ni hili. Mnakumbuka kovu lake. Alipokuwa na miaka sita alikimbia humu ndani akajigonga kwenye mguu wa kamera, nyusi ya kulia ikapasuka, na ilipopona ikabaki vipande viwili. Nilipompiga picha ya pasipoti nilikaa na kompyuta saa nzima nikiizibaziba ile nyusi mpaka ikawa nzima. Waraka wa idara ya uhamiaji ulikuwa umebandikwa hapo ukutani, kwamba picha ya pasipoti isiguswe, na atakayeigusa atafungiwa kazi. Nikaupuuza. Nilitaka huko aendako wamwone kijana asiye na doa. Nilifanya kwa mapenzi, wanangu, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Mwezi wa nane simu zake zikakatika. Nikaenda wizarani. Ofisa akaniuliza namba ya pasipoti, sina, jina la mwajiri, silijui, anwani, sina. Akasema faili lake litachukua muda kupatikana, tuanze na fomu na picha. Kwenye fomu kulikuwa na mstari umeandikwa "alama maalumu mwilini". Kovu lile nililijua kuliko ninavyoijua sahihi yangu. Lakini picha niliyokwisha kuibandika haikuwa nalo, na nikawaza, nikiliandika huyu ofisa atalinganisha, atajua picha imechezewa, watafunga studio, na hawa waliobaki nyumbani watakula nini. Niliandika "Hana".

Na wakati naandika, kaka yenu alikuwa hai.

Alikuwa ameanguka kutoka ghorofani, waliomwajiri wakamtupa kwenye geti la hospitali wakaondoka na karatasi zake. Alilala siku kumi na tisa bila kusema neno. Siku ya sita mtu wa ubalozi alifika wodini na fomu yangu. Muuguzi akaangalia picha, akamwangalia mgonjwa, akaandika: si huyu, wetu ana kovu kwenye nyusi. Mtu wa ubalozi akaenda hospitali nyingine. Siku ya kumi na tisa akafa, wakamzika kwa namba. Labda asingepona hata ningekuwepo, mimi si daktari. Lakini ningekwenda, wanangu. Ningeuza kamera nikaenda, nikamshika mkono, na angekufa akiwa na jina lake.

Mtaniuliza nimeyajuaje. Seremala ndiye aliyeyaleta. Alikuwa mji mwingine, akaacha kazi, akazunguka hospitali moja baada ya nyingine mpaka akalipata lile faili, akaomba kopi, akarudi nayo nyumbani. Aliiweka juu ya meza hii, nikaisoma nimesimama. Nikamwangukia, nikamwambia mama yenu akijua mkono uliofanya hivi ni wangu, hatapona. Akaniangalia sana. Akasema, "Sawa, mzee. Waambie lolote utakalo, mimi nitanyamaza."

Nikawaambia ninyi na mama yenu kwamba seremala alimtelekeza mwenzake.

Miaka kumi na miwili sasa. Mama yenu amekufa hasalimiani naye. Wewe wa kati ulimtoa kwenye msiba wa mama yako, ukamshika kola mbele ya watu, na mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti, nikaangalia viatu vyangu. Yeye akanyoosha shati lake, akaondoka na siri yangu. Usilie, mwanangu, huo ukali haukuwa wako, nilikupa mimi. Nilichokosa ni ujasiri, na kila mwaka uliopita ulifanya jambo kuwa gumu zaidi, mpaka nikaanza kupita njia ya nyuma nisikutane naye.

Kwa hiyo nawausia hivi. Studio na vyombo vyake ni vya wa kati, kwa sharti moja, kwamba uso wa mtu anayesafiri usiuguse, hata akiwa bibi harusi anayekulilia. Chumba cha juu ni cha Kitinda, kisipangishwe, ufunguo wake usafiri nao. Kitinda, nikifa wiki ijayo au mwezi ujao, usirudi kwa ajili ya maziko. Ukivunja mkataba nusu watakuzuia, nawe utabaki huko bila karatasi, na mimi sitaki maiti yangu ikuponze kama kalamu yangu ilivyomponza kaka yako. Nililie huko huko. Na leo hii, kabla jua halijazama, nendeni wote wawili kwa seremala. Msimwite aje, nendeni ninyi. Mwambieni nimesema. Awe wa kwanza kubeba jeneza langu, akikubali. Asipokubali, ana haki.

Ngojeni... nipumue.

Wa kati, fungua droo ya chini. Kuna bahasha ya kahawia. Ndiyo, hiyo ni kopi ya ile fomu. Ya fomu nilitoa kopi, unaona? Iweke pembeni kwanza. Chukua karatasi safi, andika ya dada yako. Jina. Urefu. Kitinda, geukia dirishani, nikuone vizuri. Andika: alama ya kuungua, shavu la kushoto, upana wa vidole viwili. Kidole kidogo cha mkono wa kulia kimepinda. Ana pumu. Umeandika? Nisomee.

Vizuri.

Mungu akutangulie, mama. Uende na sura yako, urudi nayo. Wewe wa kati, Mungu akupe... akupe moyo imara kuliko wangu. Radhi yangu mnayo wote. Yenu kwangu... sijui kama ninastahili kuiomba.

Sasa ile ya kaka yenu. Tafuta mstari... pale nilipoandika "Hana". Kata. Mkono wangu hauwezi, andika wewe. Andika kovu. Nyusi ya kulia. Herufi kubwa, mwanangu... mtu wa mbali aweze kusoma.