Maana ya Neno ‘Bald’

Treni ya Mbale ilipotoka Jinja, mwaka mmoja baada ya vita, muuza samaki wa Masese aliyesema anaitwa Rehemah alimuuliza mwalimu mzee aliyekaa karibu yake maana ya neno ‘bald’. Nami niliyekaa mbele yao nikajua tumepata somo hadi Mbale.

“Ni mtu wa kipara, mama,” mwalimu alisema. “Nywele zake zimeisha zenyewe.”

“Na aliyenyoa?”

“Huyo si bald. Nywele zake zinaota tena.”

Rehemah alimgeukia. “Askari walikuja wanatafuta mtu bald. Wakamwona mume wangu, Latif. Nilikuwa nimemnyoa asubuhi ile. Wakamchukua, hakurudi. Kumbe ningewaonyesha nywele zake. Zilikuwa bado pale uani.”

Mwalimu alivua miwani. “Wale hawakuwa watu wa kusikiliza, mama.”

“Mmoja angesikiliza.”

“Hakuna.”

“Wewe hukuwepo, mwalimu,” alisema polepole. “Zilikuwa nyeusi, nyingi. Mtu akiziona, anajua.”

Treni ilikuwa imeshasimama Mbale na watu wanashuka, lakini wao wawili walikuwa bado wamekaa.